Milimita Tisa

Gore, Southland
Jumamosi, 29 Machi

Kwa Kaka Euan,

Ninayo heshima kukutangazia, kwa niaba yangu na kwa niaba ya mbwa, kwamba tarehe sita mwezi huu, saa nane na robo mchana, ndani ya banda la nyuma, mbele ya shahidi mmoja mwenye akili timamu, gia ya tatu iliingia. Haikusaga meno. Haikusukumwa kwa goti wala kutukanwa. Iliingia kama mkono unavyoingia kwenye mfuko wa koti la zamani. Bendera haikupandishwa kwa sababu hatuna, lakini kofia niliivua.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na wifi yangu Corinne, na kwamba joto la huko Brisbane limewaachia ngozi kidogo. Bega lako linaendeleaje? Wifi aliniandikia kwamba daktari alikukataza kunyanyua vitu vizito, na kwamba kesho yake ulinyanyua friji. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kuuma asubuhi. Wanaume wa mtaa mzima wameshaanza kutengeneza vibanda vyao vya kuwindia bata, kwa hiyo ukivunjikiwa na bomba la maji sasa, utapata fundi mwezi wa Juni. Mbwa ameng'oka jino na halimsumbui. Mimi sijang'oka kitu.

Kifurushi chako kilifika salama tangu Januari. Nilikuta kebo mbili za gia, mpya, zimeviringishwa kwenye gazeti la michezo kama samaki wa kukaanga, pamoja na barua yako. Barua niliisoma kwa makini. Unasema nizifunge kebo hizo kama zilivyo na nisijitie ujuzi. Unasema kila mwenye akili anayeunda gari la injini ya nyuma anatumia kebo. Unasema unakuja Pasaka na trela la kukodi, na kwamba ikiwa gari letu litakuwa bado halijapitishwa na mkaguzi, utalipakia ulipeleke Christchurch likamaliziwe na watu wanaojua. Hilo neno "wanaojua" nililisoma mara tatu, kila mara kwa sauti tofauti, na halikupendeza kwa sauti yoyote.

Basi jibu langu liko hapa, na nimeliandika kwa kalamu isiyofutika. Gari haliendi Christchurch. Kebo zako hazimo ndani yake. Nimefunga fimbo.

Najua wifi husoma barua zangu kabla yako, na huwa anaziruka sehemu za vyuma, kwa hiyo hapa namweleza yeye. Wifi, gari letu injini yake imekaa nyuma ya viti, na giaboksi iko nyuma ya injini. Mkono wa dereva uko mbele. Lazima kuwe na kitu cha kubeba neno la mkono mpaka kule nyuma. Kebo hupinda huku na kule kama ya breki ya baiskeli, kwa hiyo hupita popote. Fimbo ni chuma kilichonyooka, hakipindi kwa ajili ya mtu, kwa hiyo lazima ukitafutie njia. Kebo ni kama kumtumia mtu salamu kwa mdomo wa jirani: zinafika, ila hujui zimefika na maneno gani. Fimbo ni kupeana mikono. Mumeo alilijua hilo kabla yangu. Mwulize.

Maana wewe, Kaka, kabla hujasilimu kwenye dini ya kebo ulikuwa mtu wa fimbo. Miaka tisa iliyopita ulichora gari zima kwenye ile karatasi ya kufungia zawadi, upande usio na maua, na fimbo zilikuwemo, zimenyooka, zinapita kati ya injini na bomba la fremu. Ulibishana na mzee Dalziel kwenye Chama cha Waunda Magari kwa miezi mingi. Yeye mwenyekiti, mtu wa kebo tangu kuzaliwa, akikuambia fimbo zako zitalia kama uma kwenye droo. Wewe ukimwambia gia zake zinaingia kwa barua ya maombi. Kisha tukapima ile nafasi, ikaonekana ni milimita tisa, na fimbo inahitaji ishirini. Mkutano uliofuata ukasimama mbele ya watu wote, umeshika kofia, ukasema Dalziel alikuwa sahihi na ukamwomba radhi kwa maneno yako. Mzee yule alikuwa ameingoja siku hiyo kwa hamu, na aliipokea radhi yako kama askofu.

Sitaki useme sikuzijaribu kebo. Nilizifunga mwezi wa pili, Jumatatu asubuhi, nikabadili gia mpaka saa ya chakula. Ilikuwa kama kukoroga uji kwa kamba. Ukitafuta gia ya pili unapata ya nne, ukitafuta ya nne unapata mawazo. Nikazifungua. Moja iko kwenye boksi lake. Ya pili nimeipitisha ukutani kutoka jikoni mpaka kwenye banda la kuku, na sasa nafungua mlango wao asubuhi bila kuvaa viatu. Inafanya kazi vizuri sana. Nawapongeza walioitengeneza.

Fimbo nilizipata kwa Huia, yule dada wa mtaa wa juu anayeendesha lori la maziwa. Mjomba wake ana ndege ya kumwagia mashamba mbolea, imelala kwenye banda kule Waikaia tangu ilipobomoa ua wa watu, na haitaruka tena. Ndani yake mna fimbo za kuongozea mabawa, nyepesi kama ufito, na kwenye kila ncha pana kifundo cha chuma chenye gololi ndani. Mjomba alisema nizichukue bure. Kisha akakumbuka kutaja kwamba anapenda mikate ya jibini ya kuviringisha, hasa ikiletwa ya moto. Nilimpelekea dazeni tatu. Alikula sita tukiwa bado tunafungua boliti, akaniambia kwamba fimbo hizi zimeinua tani ya mbolea kupita milima, haziwezi kushindwa na kigari cha bibi. Nikamwambia bibi ni shangazi yake, si mimi. Akaongeza boliti nne.

Nilizifunga kwa siku tisa. Siku ya kumi niliita watu wawili waje waone, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu mmoja alikuwa Dalziel. Alikuja na kiti chake cha kukunja, akakaa mlangoni kama yuko kwenye sinema. Nikasukuma mkono wa gia mbele, giaboksi ikapokea nyuma. Nikavuta nyuma, ikapokea mbele. Gia ya kwanza ilikuwa kwenye nafasi ya pili, ya tatu kwa ya nne, kila moja imehamia kwa jirani. Dalziel alicheka mpaka kiti kikajikunja naye ndani. Alipotoka humo aliuliza kama gari linakusudiwa kuendeshwa kwa kioo cha kunyolea. Akaniambia, "Hata kaka yako, pamoja na ubishi wake, alijua kushindwa."

Nilimpa chai yenye sukari moja wakati najua anatumia tatu. Kosa lenyewe ni la kitoto: neno lilikuwa linafika, ila linafika limegeuzwa. Nikakata kipande cha bamba, nikatoboa katikati, nikakifunga kati ya fimbo ya mbele na ya nyuma kama ile bembea ya watoto ya ubao, upande mmoja ukishuka mwingine unapanda. Sasa mbele ikawa mbele. Ndipo ilipofika ile tarehe sita niliyokutangazia, injini inanguruma, Huia kakaa kwenye kiti anakanyaga klachi, mimi nimesimama nje ya gari mkono wangu ukiwa ndani. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, kimya. Huia alinitazama akaniambia, "Dada, hii kitu inasikia." Ni mwanamke wa maneno machache, na hayo aliyarudia mara mbili.

Mkaguzi alikuja Jumatano hii kutoka Invercargill. Bwana Faleafa, Msamoa mrefu, mwenye sauti ya mwimba kwaya na kalamu nne mfukoni. Alikaa chini ya gari letu saa nzima. Alivuta kila fimbo, aligonga kila kifundo, aliuliza bembea ile imetoka kiwanda gani. Nikasema kwenye sufuria, maana bamba lilikuwa kitako cha sufuria la mama la jemu. Hakucheka, ila aliandika. Kisha akaliendesha, akaenda mpaka darajani na kurudi, mimi nimesimama barabarani na mbwa, nikisikia gia zikibadilika kwa mbali, moja baada ya nyingine, hakuna hata moja iliyouliza njia. Aliporudi alizima injini. Kisha akasema ameendesha magari ya kuundwa nyumbani mia na zaidi, na mengi yana gia za kubahatisha, na hili halimo katika hayo. Akaandika cheti. Akapigilia na kibati cha kuonyesha limekaguliwa. Gari limepita, Kaka. Limepita kwa fimbo. Trela lako halina mzigo.

Ningeweza kuishia hapa, nikaweka saini, nikaenda kulala na ushindi wangu. Lakini jana ilikuwa Ijumaa ya mkutano.

Habari ilishafika ukumbini kabla yangu, maana Huia alipeleka maziwa. Walinipigia makofi. Dalziel mwenyewe alisimama, na nakiri alisimama kiungwana, akasema kwamba ameshindwa na mwanamke na ndege iliyokufa, na kwamba atakunywa chai yake bila sukari wiki nzima kama adhabu. Watu walicheka. Kisha akatulia, akaanza kufikiri, na Dalziel akifikiri huwa anafikiri kwa sauti. Akauliza, kama fimbo zimepita, zimepitaje mahali penye milimita tisa? Nani alipima tisa? Akajibu mwenyewe. Akasema basi Euan Rankine, fundi mwenye cheti, miaka thelathini kwenye kiwanda cha maziwa, alipima kwa kijiko. Mwingine nyuma akasema labda alipima akitoka baa. Mwingine akasema ndiyo maana alihamia Australia, kule wanapima kwa makadirio. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi, kikombe mkononi, nilicheka nao. Nakuambia hilo ili usilisikie kwa mwingine. Nilicheka.

Halafu nikaweka kikombe chini, nikasimama, nikawaambia aliyepima ni mimi.

Euan, hukuwahi kupima nafasi ile. Wewe ulikuwa kwenye sinki la kufulia unanawa mikono, na mimi nilikuwa chini ya gari na utepe wa kupimia. Ilikuwa wiki ya nne baada ya kumzika mama. Ulikuwa unaongea kwa furaha, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, ukisema sasa fimbo zikikaa tu, gari litawaka kabla ya Agosti, utaliendesha mpaka Bluff ulipo mwisho wa barabara, ugeuze, ulirudishe, kisha utie saini karatasi za kuhamia Brisbane. Ukaniuliza, ngapi? Utepe ulisema ishirini na tisa. Nilifungua mdomo kusema ishirini na tisa, na ile ishirini haikutoka. Ilitoka tisa peke yake.

Ungeweza kushuka ukaangalia. Hukushuka, kwa sababu tangu utoto hujawahi kupima nilichopima mimi. Ukakausha mikono, ukasema aisee, tisa. Nami nililala pale chini nikitazama milimita ishirini na tisa, pana kama barabara, nikijiambia kwamba nitasema kesho. Kesho yake ulikuwa umeanza kuchora upya. Wiki iliyofuata ukaenda kumwomba Dalziel radhi, na mimi nilikuwa safu ya pili, nimekushikia koti.

Na Agosti ilipofika, uliondoka vilevile. Gari likabaki bila gia na mimi nikabaki na gari. Kwa hiyo uongo ule haukunipa hata nilichoutumia kukitafuta. Miaka tisa umekuwa ukihubiri kebo kwa imani ya mtu aliyeumwa na fimbo, ukanitumia hata kifurushi, na kila ulipoandika neno "kebo" mimi nilisoma "tisa".

Turudi ukumbini. Dalziel akauliza kama natania. Nikamwambia natania siku nyingine zote, Ijumaa napumzika. Akakaa. Kisha akasema kwamba basi ile radhi uliyomwomba si yake, itabidi airudishe, ila hajui mtu anarudishaje radhi mpaka Queensland. Akataka namba yako ya simu akupigie usiku uleule. Nikampa. Tarakimu ya mwisho nilikosea makusudi, ili barua hii ikutangulie. Naona ninaendelea kuharibu namba. Ukimaliza kusoma, nitampa iliyo sahihi. Mwenyewe sikukupigia kwa sababu kwenye simu ungenikata sentensi ya pili, na nilihitaji sentensi nyingi.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu sitaki upole wangu wa ukurasa huu ukudanganye. Kwa fimbo siombi msamaha. Fimbo ni sahihi, zilikuwa sahihi ulipozichora, na kebo zako ni za kuku. Kwa milimita ishirini nilizozimeza, hasira yako yote ni halali. Ilete. Iweke mezani, itukane, ivunje kikombe, vikombe vya mama vimebaki vitano na kile chenye ufa hakina mtu. Lakini ije bila trela. Lango nimelitia kufuli jipya na ufunguo uko shingoni kwangu. Gari hili limeundwa hapa, limekosewa hapa, limerekebishwa hapa, na halitakwenda kumaliziwa na watu wanaojua, kwa sababu anayejua kilichokuwa kibaya ndani yake ni mtu mmoja tu, na ndiye huyu anayekuandikia. Ukitaka nusu yako, njoo uikalie humuhumu. Mchoro wako niliutoa kwenye kabati na nimeufuata. Nimekupinga kwa karatasi yako mwenyewe, yenye maua kwa nyuma, na ningekupinga tena.

Msalimie sana wifi, mwambie sehemu hii asiiruke. Wasalimie majirani zenu wale wenye kasuku. Huia anakusalimu, anasema umekosa mvua nzuri. Mbwa hakufahamu lakini ukija atajifanya anakufahamu. Kitanda chako nimekitandika blanketi mbili, na mto ni uleule, kwa hiyo usilete malalamiko ya shingo. Pasaka nitapika kondoo. Uniandikie hata kama ni matusi, ila yaandike kwa herufi kubwa, miwani yangu imechoka.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hatabadili fimbo,

Elspeth

Nyongeza. Kiti cha dereva nilikifunga kwa vipimo vya mchoro wako, vya miguu yako mirefu, bila kupima upya, nacho kimeandikwa kwenye cheti na hakiruhusiwi kusogezwa. Huia ni mrefu na mkaguzi ni mrefu zaidi, kwa hiyo hakuna aliyeona kasoro. Leo asubuhi nimekaa humo mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mguu wangu haufiki kwenye klachi.